Nilivyoipunguza kozi yangu kwa msaada wa mashine inayopenda kuongeza

Nafundisha takwimu kwa watoto ambao hawakuja chuo kusoma takwimu. Wamekuja kusoma ununuzi na ugavi, wengine rasilimali watu, wengine masoko, alafu mwaka wa kwanza semista ya pili wanakutana na mimi Jumatatu saa mbili asubuhi, watu 212 kwenye ukumbi wenye feni nne ambazo mbili tu ndo zinazunguka. Nimeifundisha miaka sita. Na kwa miaka yote hiyo kozi yangu ilikuwa na sifa moja pale chuoni: sup, yaani mtihani wa marudio kwa waliofeli. "Mmeshafika kwa Madam wa takwimu?" ndo salamu ambayo mwaka wa pili wanawapa mwaka wa kwanza pale vimbwetani, na nakiri kuna kipindi nilikuwa naifurahia kidogo, naona kama heshima vile. Ukiwa kijana na umeanza kufundisha, kuogopwa na kuheshimiwa vinafanana sana.

Sasa mwaka juzi idara ikatuambia mitaala inapitiwa upya. Si sisi peke yetu, nchi nzima ilikuwa kwenye hiyo kazi, kulikuwa na ule mradi wa elimu ya juu, HEET, wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia ambao sehemu yake ilikuwa vyuo vikuu vya umma kupitia upya programu zao ziendane na soko la ajira, na hata ambao hawakuwemo kwenye mradi upepo uliwafikia. Kwaiyo ikaja barua: kila anayefundisha alete koz autilaini mpya ndani ya wiki mbili. Wiki mbili, na hapo tuna skripti za UE (mtihani wa mwisho wa semista) hatujamaliza kusahihisha.

Unajua tulichofanya. Wote tulifanya, ila kikaoni kila mtu alijidai kakesha. ChatGPT imetoka tarehe 30 Novemba 2022, na tangu hapo hizi programu za akili mnemba zimezaana mpaka zimeingia kwenye simu bila hata kuombwa, mimi nikachukua moja wapo nikaandika "nitengenezee koz autilaini ya takwimu za biashara, wiki 15, mwaka wa kwanza". Hata chai haijapoa. Ikaja autilaini nzuri mpaka nikaona aibu kwa ile yangu ya zamani. Mada 16, kila wiki ina malengo yake, ina shughuli, kuna podkasti ya wanafunzi, kuna shajara ya kutafakari, kuna ziara ya kiwandani, kuna mgeni mwalikwa kutoka sekta binafsi, kuna dashibodi ya data ambayo kila mwanafunzi ataitengeneza kwenye laptopu yake.

Laptopu yake.

Nikacheka peke yangu ofisini. Darasani kwangu wenye laptopu ukiwahesabu hawajai daladala mbili, chumba cha kompyuta kina mashine 40 na siku umeme upo intaneti haipo, waliobaki wana simu na bando la kuungaunga mpaka bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, litoke. Lakini mashine itajuaje, sikuiambia. Nikaiambia. Ikaomba radhi (inaomba radhi sana hii kitu, kama mtoto aliyevunja glasi ugenini) ikaleta nyingine, safari hii laptopu imekuwa simu, ila podkasti iko pale pale, na kimeongezeka kikundi cha WhatsApp cha majadiliano ambacho mimi natakiwa nikijibu kila siku jioni.

Hapo ndo nikafanya jambo ambalo ningetakiwa nianze nalo. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanasema krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, yaani kila kitu humo humo, lekcha, semina, kusoma mwenyewe, asaimenti, mpaka mtihani. Kozi yangu ina krediti 10. Kwaiyo nina saa 100 za maisha ya huyu mtoto, gawanya kwa wiki 15 ni saa sita na ushee kwa wiki, na ana kozi nyingine tano zinamsubiri. Nikaiambia mashine: haya, jumlisha hii autilaini yako itamla mwanafunzi saa ngapi. Ikajumlisha, ikaniletea zaidi ya 180, bila aibu, na chini yake ikanipendekezea njia za "kuiboresha zaidi".

Mimi nikamkumbuka fundi bomba wangu. Unamwita kwa ajili ya koki inayovuja, anaangalia, anatikisa kichwa, anakwambia hapa dada bila kubomoa ukuta hatufiki. Hii mashine ni hivyo hivyo, ukiiomba iandike itaongeza, ndo kazi inayoipenda, na sisi walimu ndo tulivyo pia, kila mwaka tunabandika mada mpya na hakuna mada inayokufa. Mbili zikikutana unapata kozi ya saa 180.

Nikaizima. Nikakaa nayo siku mbili kichwani, alafu nikarudi na ombi la kinyume. Sikutaka tena iniandikie. Nilitaka inisome.

Nikatafuta mitihani yangu ya UE ya miaka mitano. Miwili nilikuwa nayo kwenye flashi, mmoja nikaupiga picha kwa simu kutoka kwenye faili la idara, mingine nikaichapa upya kwa mkono usiku wakati mwanangu amelala. Nikachukua na yale malengo saba ya kozi ambayo yako kwenye autilaini, yale yanayoanza na "mwisho wa kozi hii mwanafunzi ataweza", ambayo kusema kweli niliyaandika mara moja mwaka wa kwanza nikiwa na haraka na sijawahi kuyasoma tena. Nikaipa mashine vyote nikaiambia: chukua kila swali, niambie linapima lengo lipi kati ya haya saba, na linadai nini kutoka kwa mwanafunzi, kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, zile ngazi za Bloom za mwaka 1956 ambazo kila mwalimu amekaririshwa. Usinipe ushauri wowote. Nipe jedwali tu.

Jedwali likaja na mimi nikakosa usingizi.

Lengo la tano linasema mwanafunzi ataweza kukusanya data za biashara na kuzitafsiri kwa ajili ya kufanya uamuzi. Ukiniuliza mimi, hilo ndo kozi yenyewe. Huyu anaenda kuwa afisa ununuzi, kesho atawekewa mezani bei za wazabuni watano aseme neno. Kwenye mitihani mitano, maswali thelathini na kitu, lengo la tano lilikuwa na maswali sifuri. Hata nusu swali halikuwepo. Wakati huo huo kukokotoa standadi deviesheni (namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani) ya namba 20 kwa mkono, kwa fomula, kipo kila mwaka bila kukosa, alama 15, na mwaka mmoja kipo mara mbili, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Kuna mwalimu anaitwa John Biggs, mwaka 1996 aliandika kitu ambacho ukikisikia unaona cha kawaida mno: unachosema utafundisha, unachofundisha, na unachopima vinatakiwa vivute upande mmoja, maana mwanafunzi hasomi autilaini yako, anasoma mtihani wako. Hilo nililisoma nikiwa nachukua kozi ya ualimu wa chuo, nikalijibia mtihani, nikapata A, alafu nikaenda zangu darasani kufanya kinyume chake miaka sita. Wanafunzi wangu hawakuwa wajinga. Waliyasoma mapepa ya nyuma, wakaona Madam anapenda fomula, wakakariri fomula, waliokariri vizuri wakapita na waliokariri vibaya wakasap, na hakuna kati yao aliyetoka pale anaweza kusema neno juu ya bei za wazabuni watano.

Ila msije mkadhani jedwali lile lilikuwa sahihi lote. Mtihani mmoja niliupitia mwenyewe kwa kalamu kabla sijaangalia majibu ya mashine, alafu nikalinganisha. Tulipishana maswali manne kati ya saba. Mawili nilikuwa nimekosea mimi. Mawili ilikosea yenyewe, na ilivyokosea ndo pananifundisha: kila ilipoona neno "jadili" iliweka ngazi ya juu, uchambuzi. Sasa swali langu la "jadili faida na hasara za sampuli nasibu" halina uchambuzi wowote, faida nne na hasara tatu ziko ukurasa wa 11 wa madesa yangu, yaani notisi zangu za kozi, mwanafunzi anazimwaga kama zilivyo. Mashine ilikuwa haina madesa. Nilipoyaweka na kuiambia iangalie upya swali kwa swali kama jibu limo humo limelala, maswali mengi ya "jadili" na "tathmini" yakaporomoka mpaka chini kabisa, kukumbuka. Nilikuwa napima kumbukumbu kwa maneno makubwa.

Kabla ya kupakia chochote hakikisha majina na namba za usajili umezitoa. Mimi nilitumia pia skripti chache za wanafunzi, nilitaka kuona makosa yanayojirudia, nikachapa majibu tu bila kitu kingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na imeshaanza kufanya kazi, na hata isingekuwepo, mtoto alikuandikia wewe mtihani, hakuiandikia kampuni iliyoko ng'ambo ya bahari.

Baada ya jedwali ikaja kazi ya kukata na hapa mashine haisaidii sana, inabidi uwe na roho. Kila nikiiuliza tutoe nini inaniambia mada zote ni muhimu, au inatoa moja kwa huruma. Nikabadilisha swali: kwa kila mada, nieleze afisa ununuzi wa halmashauri ataitumia siku gani, kwenye karatasi gani, kwa uamuzi gani. Mada ambazo jibu lake lilikuwa la kuzungukazunguka, "humjengea msingi wa kufikiri kiuchambuzi" na maneno kama hayo, nikaziwekea alama. Nikaenda kwa watu wawili niliowafundisha ambao sa hizi wako kazini, nikawanunulia soda, nikawauliza swali lile lile. Walicheka. Mmoja akaniambia, "Madam, kwa siku mimi natumia wastani, asilimia na grafu, na grafu nilijifunzia kazini." Mimi niliyemfundisha nimekaa mbele yake na soda yangu.

Mada 14 za kozi yangu ya zamani zikawa 9. Kati ya zilizokufa ni ile njia ya kutafuta wastani kwa kudhania, asyumdi mini, ambayo wengi mmeisoma sekondari. Ile njia ilikuwa na akili sana enzi za kukokotoa kwa mkono, unachagua namba ya katikati, unatoa, namba zinakuwa ndogo, unajumlisha bila kuchoka. Leo mtoto ana kikokotoo cha elfu kumi na tano mfukoni. Kwenye kikao cha idara mzee wetu mmoja, namheshimu sana, alinifundisha mimi mwenyewe, akavua miwani akasema, "Mwanangu, hiyo nimefundishwa, na mimi nimeifundisha, na wewe nimekufundisha, leo unaifuta?" Nikamwambia shikamoo mzee, naifuta. Kikao kikacheka, na yeye akacheka, ila dakika arobaini zilizofuata hazikuwa za kucheka.

Sehemu ambayo akili mnemba imenisaidia kuliko zote, na sioni watu wakiisema, ni kukisia makosa. Mwalimu aliyebobea ana ugonjwa mmoja, hakumbuki tena alivyokuwa hajui. Nina zoezi nalipenda la sensa: mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923, mwaka 2022 ikawa na 61,741,120, je idadi ilikua kwa asilimia ngapi kwa mwaka? Nikaiuliza mashine, orodhesha makosa kumi ambayo mwanafunzi asiyependa hesabu atayafanya hapa na fikra iliyo nyuma ya kila kosa. La kwanza kabisa: atatafuta ongezeko la miaka kumi, asilimia 37.4, atagawa kwa kumi, atapata 3.74, ataridhika. Jibu ni kama 3.2, kwa sababu watu wa mwaka wa pili wanaongezeka juu ya wale waliokwishaongezeka mwaka wa kwanza, kama riba ya mkopo inayozaa riba. Nikaenda kwenye skripti za nyuma. Rundo zima limegawa kwa kumi, na mimi miaka yote nilikuwa naweka mkasi mwekundu na sifuri, sijawahi hata siku moja kusimama darasani nikaanza na lile kosa. Sasa naanza nalo. Naandika 3.74 ubaoni, nawaambia huyu amekosea, mwambieni wapi. Darasa linaamka. Mtu wa kwanza kunijibu vizuri alikuwa binti ambaye mama yake yuko VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, riba anaijua toka utotoni.

Kwizi za kila wiki nazo nimezianza. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba mtu akijipima anakumbuka kwa muda mrefu kuliko akirudia kusoma, na hilo liko wazi hata kwa mwalimu wa madrasa, mtoto anasomeshwa alafu anaambiwa funga msahafu usome. Zamani nisingeweza, kutunga kwizi kwa watu 212 waliobanana bega kwa bega maana yake mmoja akijua wamejua 212. Sasa mashine inanipa matoleo manne ya swali moja, namba tofauti, na kila jibu la kukosea limetoka kwenye ile orodha ya makosa, kwaiyo mtu akichagua B najua amefikiria nini. Wanajibu kwenye karatasi, maswali matatu, dakika nane.

Hapa sasa ndo iliponipiga. Wiki ya kumi na tatu, mada ya mwisho, ile ya kupima nadharia tete, kwizi ilikuwa na swali: thamani ya p ni 0.03, maana yake nini? Nilikuwa nimechoka, nikachapisha na majibu yake bila kuyasoma vizuri. Jibu la mashine lilikuwa eti kuna uwezekano wa asilimia 3 kwamba nadharia tete sifuri, yaani ile dhana ya kwamba hakuna tofauti yoyote, ni ya kweli. Hilo ni kosa, na si kosa dogo, ni lile ambalo mwaka 2016 Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko zima ambalo humo ndani kinawasihi watu waache. Maana yake halisi ni kwamba, kama nadharia tete sifuri ingekuwa kweli, kupata data kama hizi au zilizopitiliza zaidi ingetokea mara 3 kwa 100. Ni vitu viwili tofauti kabisa, ni kama kuchanganya "kama ni Mmasai ana uwezekano wa kujua kuchunga" na "kama anajua kuchunga basi ni Mmasai". CR, mwakilishi wa darasa, akanitumia meseji usiku, "Madam samahani, Q2 mbona haiendani na madesa?" Nilisimama mbele yao Jumatatu nikawaambia nimekosea, swali limefutwa, kila mtu anapata alama yake. Sasa kila namba naipitisha kwenye Excel na kila jibu nalisoma kwa sauti kabla ya kuchapisha. Inakula saa moja na nusu kwa wiki. Wanaosema akili mnemba inaokoa muda wanipigie.

Asaimenti ya zamani nilimpa mashine aifanye, nikamwekea alama kama ninavyowawekea wao. Akapata 17 kwa 20. Sikuwa na la kusema, nikaitupa. Mpya iko hivi: watu wanne wanne, nendeni mkakusanye data 30 wenyewe, kwa macho yenu, mahali mnapoweza kunipeleka nikapaona, alafu mje mniambie zinasema nini na mngemshauri nini mwenye biashara. Ripoti kurasa tatu. Tumieni AI mkitaka, sina ugomvi, ila mtakuja kunijibu uso kwa uso dakika kumi. Makundi 53 mara dakika kumi ni dakika 530, karibu saa tisa, nikazigawa siku mbili. Mgongo uliniuma. Lakini zile siku mbili nilijifunza kuhusu kozi yangu kuliko miaka sita ya skripti.

Kitu kimoja nilichojifunza ni lugha. Tunafundisha kwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, na ukitoka nje kwenye vimbweta wanaelezana kwa Kiswahili. Kwenye utetezi kundi la pili lilikuwa limekauka kabisa, wanaangaliana, nikawaambia basi niambieni kwa Kiswahili. Ikawa kama umefungua bomba. Kijana aliyeshindwa kutamka sentensi moja kuhusu "vearieshoni" akaniambia, "Madam huyu muuzaji wa kwanza bei zake zinarukaruka, wa pili ametulia, hata kama wa pili ni ghali kidogo mimi ningemchukua yeye maana bajeti haitanishtukiza." Hiyo ndo standadi deviesheni, yote, na hajataja fomula. Nikafikiria wangapi niliwasapisha kwa Kiingereza nikadhani nawasapisha kwa takwimu.

Nikajaribu kuitumia mashine initengenezee maelezo ya Kiswahili ya kuambatanisha na madesa. Jamani. Ikaniletea "mkengeuko wastanifu" na "utawanyiko wa kikadirio", wanafunzi wawili niliowapa wasome wakaanza kuitana hivyo, "wewe mkengeuko njoo huku". Nikaandika mwenyewe, kwa maneno ya yule kijana: kurukaruka na kutulia. Afu kuna jaribio jingine ambalo halikwenda popote, niliiambia ijifanye mwanafunzi aliyesoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), hesabu aliiacha fomu foo, ikae isome madesa yangu iniulize maswali. Ikauliza maswali mazuri, ya adabu, yamepangwa kwa namba. Mwanafunzi wa HKL anayeogopa hesabu haulizi swali! Anakaa kimya nyuma karibu na mlango, anaandika kila kitu ulichoandika mpaka tarehe. Kwa hilo hakuna njia ya mkato, kawanunulie watu wawili chapati, uwape madesa, ukae pembeni uangalie jicho linakwama wapi.

Mada ya koriresheni, yaani vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja, nayo nimeigeuza, sehemu hii si mashine, ni mtu anaitwa Francis Anscombe. Mwaka 1973 alitengeneza majedwali manne, kila moja lina pointi 11, wastani wa x ni 9 kwa yote, wastani wa y ni 7.5 kwa yote, koriresheni 0.816 kwa yote. Kwa fomula ni mapacha. Ukiyachora, moja limepanda vizuri, moja limepinda kama upinde, moja lina nukta moja imetoroka imeharibu kila kitu, na moja limesimama wima kama nguzo na nukta moja iko mbali. Nagawa karatasi za grafu na penseli, robo ya ukumbi jedwali la kwanza, robo la pili, hivyo hivyo, wanachora, alafu wanainua juu. Umeme ukikatika wala hatujali. Zamani saa hizo mbili nilikuwa nazitumia kuandika fomula ndefu ubaoni mpaka chaki inaisha.

Kuhusu sup mtaniuliza tu, najua. Nikiwaambia zimepungua nitakuwa nafanya kile kile ninachowakataza wanafunzi: mtihani nimeubadilisha, darasa si lile, asaimenti si ile, hapo unalinganisha embe na daladala. Bado wapo waliosap. Kwenye mtihani mpya swali la kwanza ni bei za wazabuni watano, na kuna mtu aliniandikia ukurasa mzima wa fomula ya standadi deviesheni ambayo sikuiomba, nadhani alipewa mapepa ya nyuma na kaka yake.

Siku ya pili ya utetezi, kundi la karibu mwisho, saa kumi na moja kasoro, wamekuja na bei za nyanya. Mama wa mmoja wao anauza soko la Chifu Kingalu hapa Morogoro, binti kakaa naye asubuhi siku 30 anaandika bei ya tenga. Akaniwekea siku tano za mwisho mezani: 22,000, 24,000, 25,000, 26,000, alafu 78,000. Siku hiyo ya mwisho mvua ilikata barabara, magari hayakushuka. Wastani 35,000. "Madam, hakuna hata siku moja mama kanunua kwa thelathini na tano," akaniambia. Mediani, namba ya katikati, 25,000. Nikawa nishajiandaa kuwapa alama zao waende, akaendelea: mama anajaza fomu ya mkopo wa VICOBA, kuna mahali wameandika bei ya kawaida ya kununulia mzigo, kamuuliza binti aandike ipi.

Nikamuuliza wewe ungeandika ipi. Akaangalia wenzake, akaangalia zile namba tena.

"Ishirini na tano. Alafu pembeni naandika kwa kalamu kwamba mvua ikinyesha inafika sabini na nane, ili wasije wakatushangaa."

Nikaandika 20 kwa 20, nikaita kundi linalofuata.